Mwalimu Kiziwi wa Kaluga

Katika nchi ya Urusi, kusini-magharibi ya Moscow, umo mji uitwao Kaluga, uliojengwa ukingoni mwa mto Oka. Kila mwaka wa masomo, walimu kutoka Kaluga kwenyewe, kutoka Moscow na kutoka miji mingine huwapeleka wanafunzi wao huko kwa mabasi ili wakayaone makumbusho ya safari za angani. Safari hizo kwa desturi huwa na vituo viwili. Kituo kimoja ni jengo kubwa la kisasa lenye roketi uwanjani, na kingine ni nyumba ndogo ya mbao iliyo karibu na mto. Leo tumeona vyema tuwaeleze wasomaji wetu habari za mwenye nyumba ile ya mbao, maana yaliyomo katika jengo kubwa hayaeleweki sawasawa kwa mtu asiyeanza na yaliyomo katika nyumba ndogo.

Ndani ya nyumba hiyo wanafunzi huonyeshwa vyombo vya bati vyenye umbo la pia, upande mmoja vipana na upande wa pili vyembamba. Mtoto asiyeambiwa angedhani kuwa ni faneli za kumiminia mafuta ya taa. Hizo zilikuwa ni pembe za kusikilizia. Mwenye nyumba alizitengeneza kwa mikono yake mwenyewe, akawa akiweka ncha nyembamba sikioni na upande mpana akauelekeza kwa mtu aliyesema naye. Pasipo pembe hizo hakuweza kusikia maneno mengi ya wageni wake, na mtu huyo alikuwa ni mwalimu wa shule kwa muda wa kiasi cha miaka arobaini.

Jina lake ni Konstantin Tsiolkovsky. Alizaliwa tarehe 17 Septemba 1857 katika kijiji cha Izhevskoye, jimbo la Ryazan. Baba yake alikuwa mtumishi wa idara ya misitu, mwenye watoto wengi na mshahara mdogo. Konstantin alipokuwa na umri wa miaka kama tisa au kumi hivi alishikwa na homa kali iletayo vipele vyekundu mwilini. Alipona homa, lakini masikio yake yakaharibika, na tangu hapo aliishi kama mtu aliyefungiwa nyuma ya ukuta mnene. Mwalimu alipofundisha darasani, yeye aliona midomo ikienda tu. Mwaka 1870 mama yake, aliyekuwa amemfundisha kusoma na kuandika, akafariki. Muda si mrefu baadaye kijana akaacha shule, wala hakurudi tena kukaa darasani kama mwanafunzi.

Baba yake aliona kuwa kijana huyo, ijapokuwa hasikii, ana mikono mepesi na akili ya kupima vitu. Kwa hiyo mwaka 1873 akamtuma Moscow, akikaribia miaka 16, pasipo ndugu wala mwenyeji wa kumtegemea. Huko Konstantin hakuingia chuo chochote. Chuo chake kilikuwa maktaba ya watu wote, ambamo alisoma hisabati, fizikia na elimu ya nyota tangu asubuhi hadi milango ilipofungwa. Masurufu aliyotumiwa na baba yake yalikuwa machache, na sehemu kubwa aliitumia kununulia vitabu, zebaki na tindikali za majaribio. Chakula chake kilikuwa mkate mweusi na maji. Yeye mwenyewe alieleza baadaye kwamba mkate huo ulimgharimu kopeki 90 kwa mwezi mzima. Tindikali zilimtoboa suruali, na watoto wa mtaani wakawa wakimdhihaki kwamba panya wamezitafuna. Aliendelea hivyo kwa miaka mitatu. Baba yake alipopata habari kuwa mwanawe amedhoofika mno, akamwita nyumbani.

Mwaka 1879 alifanya mtihani wa ualimu, akafaulu, na mwaka uliofuata akapelekwa katika mji mdogo wa Borovsk, jimbo la Kaluga, kufundisha hesabu na jiometri. Huko huko akamwoa Varvara Sokolova, wakajaliwa watoto saba.

Mtu anaweza kuuliza jinsi kiziwi anavyoweza kutawala darasa la wavulana. Jibu ni kwamba Tsiolkovsky aliwafundisha kwa macho na mikono. Alitengeneza mashine ndogo za umeme zilizowasimamisha watu nywele na kuwarushia cheche. Wakati wa likizo alikwenda mtoni pamoja na wanafunzi. Alitengeneza maputo ya karatasi yaliyopaa kwa nguvu ya hewa ya moto, akiwasha vijiti chini yake na kulishika puto kwa uzi. Siku moja uzi ukaungua, puto likakimbia juu ya mji likiangusha cheche, mwisho likatua juu ya paa la fundi viatu. Fundi yule akalikamata puto na kuliweka kizuizini, na Mwalimu nusura afikishwe mbele ya sheria. Wasomaji wetu walio katika jeshi la polisi wataamua wenyewe kama fundi viatu alikuwa na mamlaka ya kukamata. Sisi twadhani alikuwa na haki ya kuogopa, kwa kuwa nyumba za miji ile zilikuwa za mbao.

Usiku, kazi za shule zilipokwisha, ndipo Tsiolkovsky alipofanya kazi yake ya pili. Mwaka 1881 aliandika juu ya tabia za gesi, akapeleka maandishi yake kwa chama cha wataalamu wa fizikia na kemia mjini Saint Petersburg. Wataalamu wakamjibu kwamba mambo aliyoyavumbua ni ya kweli, lakini yalikwisha kuvumbuliwa miaka mingi kabla yake. Hilo ndilo lililokuwa pato la kukaa mbali na vitabu vipya na kutosikia mazungumzo ya wenzake. Mtu mwingine angekata tamaa. Yeye alifurahi kwamba hakukosea, akaanza kazi nyingine.

Mwaka 1883 aliandika katika daftari kwamba mahali pasipo hewa, pasipo ardhi ya kukanyaga wala kitu cha kushika, chombo kinaweza kujisogeza kwa njia moja: kutupa kitu upande mmoja ili chenyewe kisukumwe upande wa pili. Askari hahitaji kuelezwa jambo hili kwa maneno marefu. Anapofyatua bunduki, risasi hutoka mbele na kitako humpiga bega. Bunduki haikusukumwa na hewa iliyo mbele ya mtutu. Imesukumwa na risasi yenyewe pamoja na gesi ya baruti. Basi, askari huyo angekaa ndani ya mashua yenye kutulia na kufyatua risasi nyingi kuelekea nyuma, mashua ingeanza kwenda mbele. Roketi ni mashua hiyo, na risasi zake ni gesi ya moto itokayo pasipo kukoma. Watu wengi, hata wasomi, waliendelea kwa miaka mingi kudhani kwamba roketi huisukuma hewa iliyo nyuma yake, na kwamba pasipo hewa haitakwenda. Mwalimu wa Borovsk alikwisha kuipita fikira hiyo akiwa na miaka 25.

Mwaka 1887 nyumba aliyokaa Borovsk iliungua, na karatasi zake nyingi na vielelezo vikateketea. Mwaka 1892 akahamishiwa Kaluga, akakaa huko hadi mwisho wa maisha yake. Tangu mwaka 1899 alifundisha fizikia katika shule ya wasichana, ambao wengi wao walikuwa binti za mapadre. Kwa ajili ya uziwi wake, mwanafunzi aliyetakiwa kujibu swali alisimama karibu kabisa na sikio lake. Nyumbani alitengeneza mashine ya kupuliza upepo kwa nguvu juu ya maumbo ya karatasi, apate kupima jinsi hewa inavyokizuia chombo kinachoruka. Mwaka 1900 Chuo cha Sayansi cha Urusi kikampa rubli 470 kuendelea na majaribio hayo. Mengine yote aliyagharimia kwa mshahara wake, pamoja na vijitabu alivyovichapisha mwenyewe, na jamaa zake wakaishi kwa kubana matumizi.

Inatupasa tuseme hapa kwamba jambo alilolipenda zaidi katika miaka hiyo halikuwa roketi. Lilikuwa chombo kikubwa cha bati kilichojazwa gesi nyepesi, cha kuchukua abiria na mizigo hewani. Alikipigania chombo hicho kwa karibu maisha yake yote, akatengeneza mifano ya bati, akaandika barua nyingi kwa wakubwa. Hakikujengwa kamwe kwa ukubwa aliouwaza. Roketi, aliyoiwaza kama kazi ya baadaye, ndiyo iliyomletea sifa.

Kanuni ya roketi aliiandika mwaka 1897, na mwaka 1903 sehemu ya kwanza ya maandishi yake ikatolewa katika jarida moja la sayansi. Mwaka huo huo, mwezi Desemba, ndugu wawili wa Marekani waitwao Wright waliruka na ndege yao ya kwanza yenye injini, na safari ya kwanza ilichukua sekunde 12. Wakati ndege ilikuwa bado haijaruka, mwalimu wa Kaluga alikuwa amekwisha kupiga hesabu za kuiacha dunia. Walakini mhariri wa jarida lile alifariki ghafla mwezi Juni 1903, na sehemu ya pili ya maandishi haikupata mahali pa kutolewa hadi mwaka 1911 na 1912.

Kanuni hiyo husema nini? Husema kwamba mwendo wa roketi hutegemea mambo mawili: kasi ya gesi inayotoka nyuma, na jinsi roketi ilivyo nzito mwanzoni ikilinganishwa na uzito wake mafuta yanapokwisha. Ili kitu kizunguke dunia bila kuanguka, hutakiwa mwendo wa kilomita 8 hivi kwa sekunde moja. Tuseme gesi yatoka kwa kasi ya kilomita 3 kwa sekunde. Ukiihesabu kwa kanuni ya Tsiolkovsky, hata ukiacha pingamizi la hewa na uvutano wa dunia, utaona kwamba kwa kila tani moja inayofika juu, zaidi ya tani 14 lazima ziondoke chini. Ni kama kumwambia askari aliye na shanta la kilo 20 achukue chakula cha njiani chenye uzito mara kumi na tatu zaidi ya shanta lenyewe.

Tsiolkovsky alitafuta njia ya kuupunguza mzigo huo. Kwanza alishauri kwamba baruti iachwe, mahali pake zitumiwe hidrojeni na oksijeni zilizogeuzwa kuwa maji kwa baridi kali, kwa sababu gesi yake hutoka kwa kasi kubwa zaidi. Baadaye, mwaka 1929, akaeleza habari za roketi zilizounganishwa kama mabehewa ya treni, kila moja ikiachwa nyuma mafuta yake yanapokwisha, ili inayobaki isibebe mapipa matupu. Roketi zilizozinduliwa na Wataliano kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi, kati ya mwaka 1967 na 1988, zilifuata jambo hilo hilo. Zilikuwa na sehemu nne, kila moja ikiwaka baada ya nyingine. Setilaiti iliyopewa jina la Uhuru ilirushwa hapo tarehe 12 Desemba 1970.

Tukirudi Kaluga, miaka hiyo ilikuwa ya taabu. Mwana wake mkubwa, Ignaty, alijiua mwaka 1902 akiwa mwanafunzi Moscow. Mwaka 1908 mto Oka ulifurika, maji yakaingia ndani ya nyumba. Baada ya mafuriko aliikarabati nyumba na kuiongeza chumba cha juu cha kufanyia kazi. Chumba hicho wanafunzi hukipanda hadi leo kwa ngazi nyembamba. Humo kuna mlango unaofungukia kwenye paa, na jamaa za Mwalimu waliuita kwa mzaha mlango wa kuendea angani, maana hapo ndipo walipotoka usiku kutazama nyota.

Mwaka 1919 ulikuwa mwaka wa vita vya wenyewe kwa wenyewe na wa njaa. Mwana wake Ivan akafariki. Mwezi Novemba mwaka huo huo askari wa usalama wa serikali mpya wakafika nyumbani, wakamkamata Tsiolkovsky, wakampeleka Moscow na kumweka katika gereza la Lubyanka. Alituhumiwa kuwa anajuana na watu waliokuwa wakiipiga vita serikali. Alikuwa na umri wa miaka 62. Wasomaji wetu waliopata kuandika maelezo ya watuhumiwa watafahamu ugumu wa kumhoji mzee asiyesikia, ambaye kila swali lazima lirudiwe kwa sauti kubwa, na ambaye akijibu pengine hujibu swali jingine. Alikaa kizuizini takriban wiki mbili. Mwishowe mkubwa mmoja alilipitia shauri, akaamuru lifungwe na mzee aachiwe. Kama mkubwa yule angelipita jalada lile pasipo kulifungua, yamkini mzee asingelistahimili baridi ya mwaka ule. Kazi zake za miaka kumi na mitano iliyofuata zisingeandikwa.

Serikali ile ile iliyomfunga ilimpa malipo ya uzeeni ya maisha mwaka 1921, akaacha kufundisha. Kati ya watoto wake saba, watano walifariki kabla yake. Lakini jina lake sasa likaanza kusikika. Mwanachuoni Hermann Oberth, aliyekuwa akishughulika na mambo hayo hayo katika nchi za Wajerumani, akaandikiana naye barua. Vijana na watoto wa shule walimwandikia kwa wingi, wengine wakaja hadi mlangoni pake, naye akawasikiliza kwa pembe yake ya bati. Mwaka 1932, alipotimiza miaka 75, akatunukiwa nishani na serikali. Mwaka 1933, kwa ajili ya filamu moja iliyokuwa ikitayarishwa, alichora daftari zima la picha: watu wakielea ndani ya chombo pasipo uzito, na chumba kidogo chenye milango miwili cha kutokea nje pasipo kuipoteza hewa. Tarehe 18 Machi 1965 mwanajeshi Alexei Leonov alitoka nje ya chombo chake kwa kupitia chumba cha namna hiyo.

Hatutaki kumfanya malaika. Katika maandishi yake yamo pia mawazo juu ya kuchagua ni wanadamu gani wazae na wepi wasizae, mawazo ambayo sisi hatuwezi kuyakubali. Waongozaji wa wageni wangefanya vizuri wasiyafiche mbele ya wanafunzi wakubwa.

Alifariki mjini Kaluga tarehe 19 Septemba 1935 kwa ugonjwa wa saratani ya tumbo, akazikwa katika bustani ya mji. Siku chache kabla ya hapo aliirithisha serikali kazi zake zote. Mwaka mmoja baadaye, siku hiyo hiyo ya kufa kwake, nyumba yake ikafunguliwa kuwa makumbusho, na watoto wa shule wakaanza kuizuru. Mwezi Oktoba 1941 majeshi ya Ujerumani yaliuteka mji, na askari wao wakalala ndani ya nyumba ile na kuiharibu. Mji ulikombolewa mwisho wa Desemba mwaka huo, nyumba ikatengenezwa tena.

Mwaka 1957, mwaka ambao Tsiolkovsky angetimiza miaka mia moja, Urusi ilirusha setilaiti ya kwanza duniani, tarehe 4 Oktoba. Tarehe 12 Aprili 1961 Yuri Gagarin, rubani wa jeshi la anga, aliizunguka dunia kwa safari ya dakika 108. Alipanda akiwa luteni, na kabla hajatua akawa amekwisha kupandishwa cheo kuwa meja. Miezi miwili baadaye, tarehe 13 Juni, meja huyo alifika Kaluga akaweka jiwe la msingi la makumbusho makubwa, karibu na bustani alimozikwa Mwalimu. Sergei Korolev, mkuu wa wajenzi wa roketi hizo, alikuwa miongoni mwa waliotaka sana makumbusho hayo yajengwe. Hakuyaona yakifunguliwa, kwa kuwa alifariki Januari 1966. Milango ilifunguliwa tarehe 3 Oktoba 1967. Gagarin naye alikufa katika ajali ya ndege tarehe 27 Machi 1968, kabla miezi sita haijatimia.

Wanafunzi wanaoingia humo huonyeshwa chombo cha Vostok 5 kilichomrudisha duniani Valery Bykovsky mwezi Juni 1963, ganda lake likiwa limeungua kwa joto la kushuka. Huingizwa katika ukumbi wa kuba ambamo nyota huonyeshwa juu ya vichwa vyao mchana. Kisha hutolewa uwanjani, palipo na roketi ya Vostok iliyotengenezwa kuwa ya akiba, isirushwe. Imesimamishwa hapo tangu mwaka 1973, nchi yake ikitelemka hadi maji ya Yachenka. Kutoka hapo kaburi la Mwalimu si mbali kwa miguu, na walimu wengi huwapitisha wanafunzi bustanini kabla ya kurudi kwenye mabasi.